Moyo unapokosa umeme wake: pesimeka inarudisha mapigo, lakini inadai kufuatiliwa

Mtu mzima anasimama kutoka kwenye benchi kanisani, anafanya hatua tano ao sita, kisha anaanguka kama aliyekatwa magoti. Kabla ya watu kupata maji ya kumwagia, amefungua macho na anauliza kwa nini wote wanamtazama. Wiki mbili baadaye inatokea tena, safari hii sokoni. Jirani mmoja anasema ni kifafa. Mwengine anasema amelishwa karuho. Familia inauza mbuzi, inazunguka kutoka kwa wanaotapisha sumu mpaka kwenye chumba cha maombi, na miezi inapita.

Katika mizunguko hiyo yote, mara nyingi hakuna aliyefanya jambo moja ambalo halilipishwi: kushika mkono wa mgonjwa, pale juu ya kiganja, na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa baadhi ya wagonjwa hao angehesabu 30, ao 35. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100. Mwenye mapigo 30 na anayezimia ovyo si mtu wa kutapishwa. Ni mtu ambaye umeme wa moyo wake umekatika njiani.

Umeme unaotoka ndani

Wengi hufikiri kwamba ubongo ndio unaoamuru moyo upige. Wanaopasua samaki kwenye Ziwa Kivu ao Tanganyika wanajua kwamba si hivyo: moyo wa samaki ukishatolewa unaendelea kucheza peke yake kwa muda, bila kichwa, bila mwili. Ubongo unaweza kuuharakisha moyo wakati wa woga ao kuupunguza wakati wa usingizi, lakini amri ya kwanza inatoka ndani ya moyo wenyewe.

Inatoka mahali padogo sana. Juu, upande wa kuume, pale mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia moyoni, kuna kipande cha nyama chenye urefu wa santimeta moja mpaka mbili. Kwa macho ni vigumu kukitofautisha na nyama inayokizunguka. Lakini seli zake zina tabia ambayo seli za msuli wa kawaida hazina: hazingoji kuamshwa. Chumvi za mwili, yaani sodiamu, potasiamu na kalsiamu, zinaingia na kutoka kupitia kuta zake, umeme unapanda polepole, unafika kiwango fulani, unalipuka, kisha unaanza kupanda tena. Kwa mapigo 70 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Wanganga wanaita kipande hicho nodi ya sinusi.

Waliokitambua ni Arthur Keith na mwanafunzi wake wa udaktari, Martin Flack, mwaka wa 1906, katika kijiji kimoja cha Kent, kusini mwa Uingereza. Keith alikuwa amekwenda kutembea kwa baiskeli na mke wake. Aliporudi, Flack alimwita atazame kwenye darubini kitu cha ajabu alichokiona ndani ya moyo wa fuko, yule mnyama anayechimba mashamba. Mwaka huohuo, huko Marburg nchini Ujerumani, Mjapani Sunao Tawara alieleza kituo cha pili kilicho katikati ya moyo na nyuzi zinazoshuka kutoka hapo. Hivyo ramani ya umeme wa moyo ilichorwa kwa sehemu kubwa katika muda wa miaka michache.

Mkaaji wa Bukavu anaweza kuielewa ramani hiyo kwa urahisi. Nodi ya sinusi ni kama bwawa la Ruzizi: hapo ndipo umeme unapozaliwa. Unasambaa kwanza katika vyumba viwili vya juu vya moyo, navyo vinakaza na kusukuma damu chini. Kisha umeme unafika kwenye kituo cha katikati, ambacho ni kama kabini ya mtaa. Kituo hicho kinauchelewesha kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya chini vipate wakati wa kujaa. Baada ya hapo unashuka kwa kasi kupitia nyuzi mbili kubwa, moja kuume na moja kushoto, na vyumba vya chini vinakaza kwa nguvu. Pigo linalosikika kwenye mkono ni kazi ya vyumba hivyo vya chini.

Kuna jambo moja ambalo SNEL haina na moyo unalo. Bwawa likizima, kabini yenyewe inaweza kutoa umeme wake, polepole zaidi, mara 40 mpaka 60 kwa dakika. Kabini nayo ikizima, nyuzi za chini zinajaribu, mara 20 mpaka 40. Ndiyo sababu mtu ambaye njia yake imekatika kabisa mara nyingi hafi palepale. Anaishi kwa mwanga wa mshumaa. Anachoka akipanda ngazi mbili, miguu inavimba, anapumua kwa shida, anasahau mambo. Na siku ile mshumaa unapochelewa kuwaka, ubongo ukikosa damu kwa sekunde kumi hivi, anaanguka. Wanganga wawili wa Dublin, Robert Adams mwaka wa 1827 na William Stokes mwaka wa 1846, walieleza hali hiyo na mpaka leo inabeba majina yao.

Kwa nini inafananishwa na kifafa

Ubongo usipopata damu, mwili unaweza kutikisika. Hapo mwenye kuona anasema mara moja: kifafa. Lakini kuna tofauti ambazo familia inaweza kuzichunguza na kumweleza munganga. Anayeanguka kwa sababu ya moyo mara nyingi anapauka, analala kama amekufa kwa muda mfupi, kisha anaamka haraka na akili zake, uso ukiwa na joto. Mwenye kifafa mara nyingi anabaki amechanganyikiwa kwa dakika nyingi, na anaweza kuwa amejiuma ulimi. Tofauti hizi hazitoshi kutoa hukumu, lakini zinatosha kuomba kipimo cha ECG, ile karatasi inayochora umeme wa moyo. Kupewa dawa za kifafa kwa miaka bila kupimwa ECG hata mara moja ni kosa ambalo lingeepukwa kwa dakika kumi.

Kuna mtego hapa. Kwa wengine njia inakatika na kurudi, kama umeme wa mtaani. Wakipimwa saa ambayo njia iko wazi, karatasi inatoka nzuri na wanarudishwa nyumbani. Kwa hao kinahitajika kifaa kinachobebwa kiunoni saa 24 ao zaidi, kinachoandika kila pigo. Vifaa hivyo havipatikani kila mahali Kivu wala Ituri, lakini vinapatikana katika miji mikubwa ya eneo hili, na ni vema kujua kuviomba.

Sababu ya kwanza ya umeme kukatika ni uzee: nyuzi zinageuka kovu polepole, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuvuta sigara ao kunywa. Nyingine ni mshipa wa moyo kuziba, ao upasuaji wa moyo. Wapo watoto wanaozaliwa hivyo, hasa kama mama ana ugonjwa wa lupusi ao ugonjwa wa aina hiyo. Kuna pia dawa. Vidonge vingine vya tansio na dawa ya digoksini vinapunguza mapigo, na vikipita kipimo vinaweza kuyapunguza mno. Hapo kuacha dawa, kwa shauri la munganga, kunaweza kutosha. Klorokini nayo, ambayo kwa miaka mingi ilinunuliwa dukani kama pipi kwa kila homa, imeonekana kuharibu nyuzi za moyo kwa watu walioitumia muda mrefu sana.

Mapigo ya polepole peke yake si ugonjwa. Mchezaji wa mpira ao mwenye kupanda milima kila siku anaweza kuwa na 45 na akawa na afya kuliko jirani yake mwenye 80. Kinachotafutwa ni upole unaoambatana na kuzimia, kizunguzungu ao uchovu usioelezeka.

Kopo la siraji

Hakuna kidonge kinachounganisha tena nyuzi zilizokatika. Kwa hiyo wazo la kupitisha umeme kutoka inje ni la zamani, na mwanzoni mashini zilikuwa kubwa kama redio za kizamani na zilichomekwa ukutani. Tarehe 31 mwezi wa kumi 1957, umeme ulikatika Minneapolis, Marekani, kwa saa kadhaa. Daktari mpasuaji Walton Lillehei alikuwa na watoto waliotoka kupasuliwa moyo, na mashini zao zilitegemea umeme wa mji. Mtoto mmoja alikufa. Lillehei alimwendea Earl Bakken, fundi aliyekuwa akirekebisha vifaa vya hospitali katika gereji yake, akamwomba mashini isiyotegemea ukuta. Bakken alikumbuka mchoro aliousoma katika gazeti la mafundi wa redio, wa kifaa kinachowapigia wanamuziki mdundo. Akaubadilisha, akaweka pile, na baada ya wiki nne mashini ndogo ya kuvaa shingoni ilikuwa tayari. Msomaji wa Goma ao Uvira hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini kifaa cha uhai hakiwezi kutegemea umeme wa mji.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 mwezi wa kumi 1958, mashini iliingia ndani ya mwili kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Stockholm, Uswidi. Arne Larsson, mwenye miaka 43, alikuwa akizimia mara 20 mpaka 30 kwa siku. Mke wake, Else-Marie, alimfuata daktari Åke Senning na injinia Rune Elmqvist, waliokuwa wakifanya majaribio kwa wanyama. Walimwambia hawana kitu kilicho tayari kwa binadamu. Hakuondoka. Elmqvist alitengeneza mbili haraka, akizimiminia utomvu mgumu ndani ya kopo la siraji la Kiwi kama kalibu. Ya kwanza ilidumu masaa machache, wakaweka ya pili, nayo haikuenda mbali.

Larsson alibadilishiwa mashini mara nyingi katika maisha yake, jumla 26. Alikufa mwaka wa 2001 akiwa na miaka 86, kwa kansa ya ngozi, baada ya kuwazika daktari na injinia wote wawili. Jambo la kushangaza katika habari yake si kwamba mashini ya kwanza ilifanya kazi, kwa sababu haikufanya. Ni kwamba kwa miaka 43 alikuwa na mahali pa kurudi kila mara mashini ilipochoka.

Leo pesimeka, ambayo wanaosema Kifaransa huiita pia pile ya moyo, ni kisanduku cha chuma cha titani chenye uzito wa gramu 20 mpaka 50, kidogo kuliko kiberiti. Ndani kuna pile ya lithiamu na kompyuta ndogo. Waya moja ao mbili zinatoka hapo mpaka ndani ya moyo. Kuna pia za kisasa zisizo na waya, ndogo kama kidonge kikubwa, zinazowekwa ndani ya moyo wenyewe, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa wengi. Tukiwa hapo kwenye madini: waya za pesimeka mara nyingi ni mchanganyiko wenye kobalti ndani, na tantali, inayotoka katika coltan kama ile ya Rubaya, hutumiwa katika vipande vinavyohifadhi umeme vya mashini za moyo. Kwa hiyo udongo wa Congo umeshalala katika vifua vingi duniani. Vifua vya Wacongomani vyenye kifaa hicho ni vichache.

Siku ya kuwekewa

Watu wengi wanaogopa wakifikiri kifua kitapasuliwa. Hakipasuliwi. Mgonjwa anachomwa sindano ya ganzi chini ya mfupa wa bega, kwa kawaida upande wa kushoto kama anatumia mkono wa kuume. Ngozi inafunguliwa santimeta nne ao tano, waya inapitishwa ndani ya mshipa wa damu, daktari akiifuata kwenye picha ya radio mpaka moyoni, kisha kisanduku kinalazwa katika mfuko mdogo chini ya ngozi. Kazi inachukua saa moja hivi, mara nyingine mbili. Mgonjwa yuko macho, na wengi wanarudi nyumbani kesho yake ao kesho kutwa.

Mashini hiyo haipigi ovyo. Inasikiliza. Ikiwekwa kwenye 60, inangoja sekunde moja. Moyo ukipiga wenyewe ndani ya sekunde hiyo, mashini inanyamaza. Usipopiga, inatuma umeme mdogo sana ambao mwenyewe hausikii. Nyingi zinatambua mwili ukitembea na kuongeza mwendo, ili mtu aweze kupanda mlima. Si mashini ya kushtua moyo. Hiyo ni nyingine, inayoitwa defibrileta.

Swali moja linaulizwa na familia kwa sauti ya chini: je, mtu mwenye pesimeka atakataa kufa? Hapana. Mashini inaweza kuendelea kutuma umeme, lakini msuli wa moyo uliokufa hauitikii. Mwenye pesimeka anakufa kama watu wengine, na anazikwa kama wengine.

Nyumbani, shambani, kwenye gereji

Wiki nne mpaka sita za kwanza ndizo zinazohitaji nidhamu. Waya bado haijashikamana vizuri na moyo. Mkono wa upande ule haupandi juu ya bega, haubebi ndoo ya maji, hautwangi sombe, haushiki jembe. Lakini usifungwe kabisa kwenye shingo, kwa sababu bega litakakamaa. Kidonda kinakaa kikavu. Hakiguswi na majani, hakikandwi, hakichanjwi na wembe. Mahali hapo pakivimba, pakawa na moto, pakatoa usaha, ao homa ikaanza bila sababu, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni miaka mitatu baada ya kuwekewa. Wadudu wakifika kwenye waya wana njia ya moja kwa moja mpaka moyoni, na mara nyingi kifaa chote kinabidi kutolewa. Kwikwi isiyokoma ao kizunguzungu cha zamani kinachorudi kinaweza kuonyesha kwamba waya imehama. Kuna pia wagonjwa wenye tabia ya kukichezea kisanduku chini ya ngozi, kukigeuzageuza wakiwa wanaongea, mpaka waya inajisokota na kung'oka. Ni jambo linalojulikana vizuri kwa wanganga, na mke ao mtoto ndiye anayeliona kwanza.

Baada ya hapo maisha yanarudi. Mtu analima, anasafiri, analala na mwenzi wake, mwanamke anaweza kubeba mimba. Mzigo wa mgongoni unaobebwa kwa kamba ya kichwani hauna neno, lakini mkanda unaosugua juu ya kisanduku unaweza kuichosha ngozi, na vilevile mpini wa chukudu unaosukumwa na kifua. Michezo ya kugongana ni ya kuacha.

Simu haizimi pesimeka, lakini haikai katika mfuko wa shati juu ya kifaa: iwe mbali santimeta 15, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Simu mpya zenye sumaku mgongoni zinahitaji uangalifu huohuo. Sumaku ndiyo adui halisi, kwa sababu inaifanya pesimeka iache kusikiliza na kupiga mwendo mmoja tu. Mwimbaji wa kwaya asiegemee bafle kubwa. Akisogea, hali inarudi sawa. Fundi wa moto ao wa jenereta anaweza kuendelea na kazi, ila asiinamie injini inayowaka kifua kikiwa karibu na plagi. Santimeta 30 ni umbali mzuri. Kuchomelea chuma ni swali la kumuuliza munganga kabla, si baada, kwa sababu linategemea nguvu ya mashini na aina ya pesimeka. Televisheni, redio, pasi na friji si tatizo. Kwenye uwanja wa ndege mtu anaonyesha karata yake na kupita mlangoni bila kusimama katikati.

Daktari wa meno, mpasuaji, mpiga picha kwa mashini ya sumaku, wote waambiwe. Na vidonge vya tansio haviachwi: pesimeka inaongoza mwendo wa moyo, haitibu tansio.

Mashini inayosoma mashini

Pile ya pesimeka hudumu miaka minane mpaka kumi na miwili hivi, kutegemea jinsi moyo unavyoiita. Haichajiwi. Haibadilishwi peke yake pia, kwa sababu imefungwa ndani. Kisanduku kizima kinatolewa na kipya kinaunganishwa na waya zilezile, kama bado ni nzuri. Pesimeka haizimi ghafla kama toshi. Inatoa ishara miezi mitatu hivi kabla. Lakini ishara hiyo haisikiki kwa sikio. Inaonekana tu mtu akienda kupimwa, ao mara nyingine kwa mapigo kubadilika.

Hapo ndipo wagonjwa wa mashariki mwa Congo wanapokwama, zaidi kuliko kwenye upasuaji wenyewe. Pesimeka inasomwa kwa kompyuta maalumu inayowekwa juu ya kifua, na kila kampuni ina yake. Kompyuta ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Mtu anaweza kuchangiwa na ukoo mzima, akaenda India ao Ulaya, akawekewa kifaa kizuri, akarudi, na akakuta kwamba karibu naye hakuna mwenye kompyuta ya aina hiyo. Miaka kumi inapita bila kipimo. Anapoanza kuanguka tena, wanasema ugonjwa umerudi. Ugonjwa haukuwahi kuondoka; pile imekwisha.

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza munganga kabla ya kulipa ni haya: kifaa ni cha kampuni gani, nani anaweza kukisoma karibu na nyumbani, na kubadilisha kisanduku kutagharimu kiasi gani siku ile itakapofika. Kwa wa Kivu, karibu mara nyingi maana yake ni kuvuka mpaka ao kupanda ndege. Kuna hospitali ya King Faisal huko Kigali, Uganda Heart Institute katika eneo la Mulago mjini Kampala, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, na hospitali kadhaa za Nairobi. Kupimwa kwa kawaida ni katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kila miezi sita ao mwaka. Nauli ya safari hizo ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kifaa, si kama jambo la baadaye.

Bei yenyewe ni maelfu ya dola za Kimarekani ukiunganisha kifaa, waya na upasuaji. Uchunguzi uliofanywa na wanganga wa moyo wa Afrika kuhusu miaka ya 2011 mpaka 2016 ulionyesha kwamba nusu ya inchi zilizohesabiwa ziliweka pesimeka chini ya tatu kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Katika inchi za Ulaya ya magharibi ni mamia.

Njia moja inayojaribiwa ni kutumia tena. Huko Marekani na Kanada, watu wenye pesimeka wakifariki, vifaa vingine vinabaki na pile ya miaka mingi. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wanganga wa Kenya, Nijeria, Sierra Leone, Msumbiji na inchi tatu za Amerika ya Kilatini, kimejaribu vifaa vilivyosafishwa, kupimwa na kuuawa vijidudu, kikilinganisha na vipya. Kazi nyingine, ya Wakanada, iliyotangazwa mwaka wa 2020, ilifuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 waliowekewa vifaa vya aina hiyo kwa miaka miwili. Waliopata maambukizi ao kufa kwa sababu yake walikuwa karibu wawili kwa mia, idadi isiyo mbali na ya waliowekewa vipya. Kampuni zinazotengeneza vifaa hivyo huandika kwamba ni vya kutumiwa mara moja tu, na sheria za inchi nyingi zinawafuata. Mjadala huo una haki ya kusikilizwa pia na wanaozimia sokoni, kwa sababu kwao chaguo si kati ya kifaa kipya na cha zamani. Ni kati ya cha zamani na hakuna.

Karata ya pesimeka, ambayo mgonjwa anapewa siku ya kutoka hospitali, ina jina la kampuni, namba ya kifaa, namba ya waya na tarehe. Inaloa, inapotea katika kukimbia vita, inaungua na nyumba. Mwenye nayo aipige picha na kuituma kwa watu watatu wanaoishi miji tofauti. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, ashike mkono wake na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima akitazama saa ya simu. Kama mashini iliwekwa kwenye 60 na anahesabu chini ya hapo siku mbili mfululizo, asingoje tarehe ya kupimwa.